Amri ya Nne na Urithi wa Wazee Wetu



Mwezi huu somo letu ni Amri ya Nne, ile ituagizayo kumheshimu baba na mama. Wengi wetu tuliikariri tulipokuwa watoto wa kipaimara, pamoja na maelezo yake katika Katekisimo Ndogo ya Dr. Martin Luther ya mwaka 1529, na tangu siku ile hatukuifikiri tena, tukidhani ni amri ya watoto. Lakini ni nani walioambiwa amri hii kwanza? Wale waliosimama chini ya mlima Sinai walikuwa watu wazima wenye wake na mifugo, na wazazi wao walikuwa wazee waliokwisha kuchoshwa na jangwa. Basi amri hii yawahusu kwanza watu wazima wenye wazazi wazee, ndipo watoto. Tena ni amri yenye ahadi, kama Mtume Paulo awakumbushavyo Waefeso katika sura ya 6, na ahadi yenyewe ni juu ya kukaa katika nchi. Wazazi na nchi vimefungwa pamoja katika neno moja. Kwetu sisi wa Kilimanjaro, tunaowazika wazazi wetu kati ya migomba ya kihamba kile kile tunachokilima, jambo hilo halihitaji maelezo mengi.

Walakini hapo ndipo yanapoanza maswali. Baba yangu ni mzazi wangu. Je, na babu? Na baba wa babu, ambaye hakuisikia Injili kamwe? Heshima ya amri hii yarudi nyuma mpaka wapi, na kwa njia gani? Washarika huniuliza maneno haya mara nyingi, wengine mchana mbele ya watu, wengine usiku mlangoni pangu. Wale wa usiku ndio walio na shida zaidi.

Swali lenyewe ni la zamani. Wamisionari wa Leipzig walipofika Machame mwaka 1893, walikuta watu wenye sheria zao, adabu zao, na jina la Mungu katika vinywa vyao. Walipotafuta neno la kumwita Mungu katika Kichagga, walilitwaa jina la Ruwa, ambalo wazee walikuwa wakilitaja tangu kale, nalo ni jina la jua pia. Hawakuleta jina jipya. Nakuomba, msomaji, usilipite jambo hili upesi. Kama wazee wetu wangalikuwa gizani kabisa, Injili isingalipata hata neno moja la kuingilia. Kama nao wangalikuwa nuruni kabisa, isingalihitajiwa kuja. Mtume Paulo alipofika Athene alifanya vivyo hivyo: alianza na madhabahu aliyoikuta, kisha akamhubiri Yeye ambaye madhabahu ile haikumjua.

Katika wamisionari hao alikuwako mmoja ambaye wazee wa Old Moshi wamelitunza jina lake, Bruno Gutmann, aliyezaliwa mwaka 1876 na kufika mlimani mwaka 1902. Alikaa nasi mpaka Wajerumani walipoondolewa mwaka 1920, akarudi baada ya miaka michache, akaondoka kwa mara ya mwisho mwaka 1938. Aliketi na wazee akaandika waliyomwambia: kitabu cha sheria za Wachagga kilichotoka mwaka 1926, kisha vitabu vikubwa vitatu vya mafundisho yaliyopewa vijana katika jando na unyago, vilivyotoka kati ya miaka 1932 na 1938. Mafundisho hayo yangalikufa pamoja na wazee wale kama mgeni huyu asingaliyasikiliza.

Gutmann alifundisha kwamba Mungu amemfunga mwanadamu kwa vifungo vitatu tangu kuzaliwa: ukoo, ujirani na rika. Mtu hajifanyi mwenyewe. Hakuchagua ukoo wake, wala hakuchagua jirani ambaye mipaka yao yakutana, wala wale waliozaliwa naye wakati mmoja. Kwa hiyo, alisema, Kanisa lisivivunje vifungo hivi, bali livitakase na kujenga juu yake. Watoto wa kipaimara aliwaunganisha kama ndugu wa ngao, ili kila mmoja awe na mwenzake wa kumwangalia maisha yote, kama rika za zamani zilivyokuwa. Wazee wa ukoo aliwapa kazi katika usharika. Walipofukuzwa wamisionari mwaka 1920, walimu wa Kichagga ndio waliozishika sharika mpaka ulipokuja msaada wa Waluteri wa Augustana kutoka Marekani. Na mimi naamini kwamba vifungo hivyo vilisaidia Kanisa lisitawanyike.

Namsifu mtu huyu, lakini sikubaliani naye katika yote. Aliogopa fedha, aliogopa mji, aliogopa shule iliyomtoa kijana katika ukoo wake. Aliupenda ua wetu, akatamani watoto wote wabaki ndani ya ua. Wazee wetu wenyewe hawakukubali. Walipanda kahawa; mwaka 1925 wakaanzisha chama chao cha wakulima wa kahawa wenyeji, na mwaka 1933 ukaanzishwa ushirika mkuu, KNCU, na fedha ya kahawa ikalipa karo za shule za watoto ambao sasa ni wazee wetu. Waliona kwamba kumheshimu baba si kubaki mahali pale pale aliposimama baba. Nani kati yetu athubutuye kusema walikosa? Mzee Stefano Moshi, aliyezaliwa Mamba mwaka 1906, mtoto wa mlima huu, alifika kuwa askofu, na Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania lilipoundwa mwaka 1963 kwa kuunganisha makanisa saba, yeye ndiye aliyekuwa mkuu wake. Kama angalizuiliwa uani, asingalifika huko.

Basi tushike nini? Tuyatazame mambo yenyewe.

La kwanza ni ibada ya wafu, maana hapo hapana nafasi ya kuchezea maneno. Amri ya Nne iko katika mbao zile zile pamoja na Amri ya Kwanza, wala haiwezi kuila ile. Luther afundisha katika Katekisimo Kubwa kwamba ukitaka kumjua mungu wa mtu, utazame moyo wake unakimbilia wapi siku ya taabu. Kwa kipimo hiki twaweza kupima mengi. Mzee amimina mbege chini, akataja majina ya baba zake, akawasimulia wajukuu jinsi babu fulani alivyouchimba mfongo unaowaletea maji hata leo: je, amefanya nini? Amekumbuka. Lakini mtoto akiugua, na mganga akasema, babu ana njaa, mchinjieni mbuzi ili amwachilie mtoto, na baba akachinja, hapo hakukumbuka, ameomba. Amemwomba asiyeweza kutoa. Tena amemsingizia babu yake jambo baya sana, kwamba amekuwa mla watoto wake mwenyewe. Mimi siwezi kuita jambo hilo heshima. Babu aliyembeba mwanawe mgongoni alipokuwa hai, kwa nini tumfanye adui alipokufa?

Siwacheki wanaoogopa. Hofu hii ni ya kale, na mzazi mwenye mtoto mgonjwa hushika hata unyasi. Ila nasema kwamba Kristo amekufa akafufuka, awamiliki walio hai na waliokufa pia. Babu yako yuko mikononi mwake, wala si mikononi mwa mganga. Juu ya kumimina mbege kwa kukumbuka tu, wachungaji wenzangu hawana nia moja. Mimi huwashauri wazee wasimulie majina na habari za baba zao, watoto wazisikie, lakini kinywaji waache, kwa sababu ndugu dhaifu akitazama hatajua kama unakumbuka au unaomba. Paulo alishauri hivyo juu ya nyama za sanamu huko Korintho.

Kuna pia mambo ya wazee yaliyo ya kuachwa tu, bila mjadala. Petro katika waraka wake wa kwanza asema kwamba baba zetu walituachia pia urithi wa utupu, na kutoka humo damu ya Kristo ilitutoa. Kuwakata mabinti katika unyago ni mojawapo. Sheria ya nchi tangu mwaka 1998 inakataza kumfanyia hivyo msichana aliye chini ya miaka 18, lakini Mkristo hahitaji kungoja sheria ili kujua kwamba mwili wa binti yake ulifanywa vema na Muumba wake. Nasikia wako wanaofanya kwa siri mtoto angali mchanga, ili asijue. Mungu ajua.

Sasa naja kwenye jani la isale, na hapa nitakaa kidogo, maana katika miaka ya karibuni limeleta ugomvi katika nyumba nyingi.

Wasomaji wa mlimani mwalijua. Wasomaji wa Pare, Usambara na mbali zaidi waelewe kwamba ni mmea wenye majani marefu ya kijani, ambao huota kila pembe ya kihamba. Ndio mpaka wetu. Mahali masale yalipopandwa na babu, hapo pana mwisho wa shamba lako na mwanzo wa shamba la jirani, na kuyang'oa usiku ni wizi. Hupandwa makaburini pia. Tena jani hilo lina kazi nyingine, iliyo kubwa zaidi: mtu aliyemkosea mwenziwe humwendea akiwa na jani la isale, naye aliyeletewa jani hilo hana ruhusa kwa mila kukataa kusamehe. Hata kama kosa ni zito, hata kama moyo wake ungali unawaka, jani likiisha kutolewa, lazima shauri liishe.

Kijana mmoja wa mtaa wetu alikwenda mjini, akapata kazi, akajiunga na kikundi cha maombi. Aliporudi nyumbani mwezi wa Desemba, wakati watu wetu wote wanaporudi mlimani, aliambiwa na wenziwe kwamba taabu zake zatoka katika madhabahu za ukoo. Akachukua panga, akayakata masale juu ya kaburi la babu yake, akayachoma. Baba yake, mzee wa Kanisa, mtu aliyebatizwa akiwa mchanga na asiyewahi kwenda kwa mganga, aliona moshi akafika. Sitasimulia maneno yaliyosemwa pale. Miezi saba baba na mwana hawakusemezana.

Walipokuja kwangu, nilimwuliza kijana: Je, umewahi kumwona baba yako akiyaomba yale majani? Akajibu, La. Nikamwuliza: Msalaba uliowekwa juu ya kaburi la mama yako, ni mti, sivyo? Wako watu duniani walioabudu hata msalaba. Je, tuukate? Akanyamaza. Kisha nikamgeukia baba, nikamwambia kwamba mwanawe alikosa kwa kumwogopa Mungu vibaya, na kosa la namna hiyo laweza kufundishwa, ila baba akikataa kusamehe, yeye ndiye aliyeling'oa isale. Mzee alitazama chini muda mrefu. Halafu akasema kwa Kichagga neno ambalo sitaliandika hapa, maana lilikuwa lao wawili.

Kijana alikwenda mwenyewe mpakani kwa jirani, akaomba miche.

Nimelitafakari jambo hili mara nyingi katika kuandaa mahubiri. Wazee wetu, wasio na Kitabu, walijua kwamba watu wakikaa pamoja bila njia ya kusamehe wataangamizana, wakaweka jani. Hawakujua ni nani aliyelipa gharama ya msamaha. Sisi twajua. Mwenye deni kubwa katika Mathayo sura ya 18 alisamehewa talanta elfu kumi, akatoka akamkaba mwenziwe kwa dinari mia. Isale lamwambia Mchagga asiyebatizwa, huwezi kukataa. Je, Mkristo aliyekula mkate na kunywa kikombe atakataaje? Nawajua washarika wanaokaa benchi moja Jumapili, na kesi yao ya mpaka iko barazani mwaka wa nne. Wapagani wa zamani watasimama siku ya hukumu pamoja na watu wa Ninawi.

Habari ya makaburi yaniongoza kwenye neno lingine, ambalo wengine watashangaa kulisoma katika gazeti la Kanisa. Tarehe 2 Machi 1900 Wajerumani walimtundika Mangi Meli huko Old Moshi, pamoja na viongozi wengine wa Kilimanjaro na Meru. Watu wake wamesimulia tangu siku zile kwamba kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ulaya, na mjukuu wake alikitafuta kwa miaka mingi. Mwaka 2023 wakuu wa makumbusho ya Berlin walitangaza kwamba kwa uchunguzi wa vinasaba wamepata jamaa walio hai wa mafuvu kadhaa yaliyotoka kwetu, na kwamba fuvu moja lilikuwa la mshauri wa Mangi Meli. La Meli mwenyewe halikuwa limetambulika. Mwezi wa Novemba mwaka huo huo Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea akaomba msamaha kwa mambo waliyotendewa baba zetu katika utawala ule.

Wako Wakristo wasemao, mifupa ni mifupa, roho haimo, ya nini kuisumbukia? Nawajibu kwa Maandiko. Yusufu alipokaribia kufa aliwaapisha ndugu zake wasiiache mifupa yake Misri. Musa, usiku ule wa haraka, usiku wa mauti na wa kuondoka, aliichukua. Na mwisho wa kitabu cha Yoshua twasoma kwamba ilizikwa Shekemu. Miaka mia nne watu waliitunza ahadi kwa mfu. Tena someni 2 Samweli sura ya 21. Wana saba wa Sauli walitundikwa, na Rispa, mama wa wawili wao, akatandika gunia juu ya mwamba, akawafukuza ndege mchana na wanyama usiku tangu mavuno mpaka mvua. Daudi aliposikia habari za mama yule, aliikusanya mifupa ya hao waliotundikwa, akaileta na mifupa ya Sauli na Yonathani kutoka Yabesh-Gileadi, akaizika katika kaburi la Kishi baba yake Sauli. Kisha twaambiwa kwamba Mungu aliisikia nchi baada ya hayo. Rispa hakuwaomba wafu. Aliwaheshimu tu. Kwa nini basi tuwaone haya wazee wanaodai fuvu la baba yao lirudi lizikwe kihambani?

Nasema hivi nikijua kwamba Injili ilitufikia kwa mikono ya watu wa taifa lile lile lililoitundika kamba. Mambo yote mawili ni kweli. Mtu akitaka nimfiche mojawapo, siwezi. Waliotuhubiri habari za msamaha walikuja wakati mmoja na wale wenye deni la kusamehewa, na nyakati nyingine kwa meli moja. Jani la isale ni letu kulipokea likiletwa. Lakini aletaye aje na mfupa pia.

Nimekwisha kusema juu ya nchi na mipaka, wala sina budi kuligusa jambo la urithi wa mabinti, ingawa najua baadhi ya wazee watalikunja gazeti hapa. Kwa mila ya mlima kihamba huwaendea wana wa kiume, na hasa mwana wa kwanza na wa mwisho. Yule wa mwisho hurithi nyumba ya wazazi, naye ndiye anayepaswa kuwatunza. Wana wa katikati hujitafutia. Binti huolewa, naye hula kihambani kwa mumewe. Mpango huu ulikuwa na akili yake zamani, wakati porini palikuwa na nafasi na kila mwanamke alikuwa na mume wa kumlinda na ndugu wa kumrudia. Lakini leo? Vihamba vimegawanywa mpaka vimekuwa vipande vya kugeuzia jembe. Yuko binti asiyeolewa aliyewauguza wazazi miaka kumi, akawaogesha, akawafunga macho. Na siku ya arobaini aja ndugu kutoka mjini, ambaye hakuonekana, amwambia afungashe vitu vyake. Kisha ndugu huyo auza kihamba kwa mgeni. Na ukoo wakaa kimya, kwa maana mila imefuatwa.

Mila ipi? Nabothi alikataa kumwuzia mfalme urithi wa baba zake, akafa kwa ajili hiyo. Huyu ameuuza kwa gari. Ni nani kati ya wawili hawa, dada au kaka, aliyemheshimu baba na mama?

Fungueni Hesabu sura ya 27. Selofehadi alikufa jangwani, hakuacha mwana wa kiume, na binti zake watano, Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirsa, walisimama mbele ya Musa na wakuu wote, wakauliza kwa nini jina la baba yao lipotee. Musa hakuwafukuza, wala hakuwajibu kwa mila aliyoijua. Alimwuliza Mungu, na Mungu alijibu kwamba mabinti wamenena sawa. Tena msiiache sura ya 36, kwa maana wazee wa kabila la Manase walikuja na hofu yao, ile ile ya wazee wetu: binti akiolewa kwingine, nchi itatoka katika kabila. Mungu aliisikia hofu hiyo pia, akaweka utaratibu. Hakusema, basi mabinti wanyang'anywe. Urithi wao ulibaki, na njia ya kuulinda ukoo ikatafutwa.

Sheria ya nchi yetu nayo imekwenda polepole kwa njia hiyo. Sheria za mila zilizoandikwa mwaka 1963 zilimweka binti nyuma katika urithi. Mwaka 1990 Mahakama Kuu huko Mwanza iliamua shauri la mama mmoja wa Kagera, aliyeachiwa shamba na baba yake kwa wosia, akaliuza, naye mtoto wa ndugu yake akadai kwamba mwanamke hana ruhusa kuuza ardhi ya ukoo. Jaji James Mwalusanya alisema kwamba mwanamke ana haki ile ile aliyo nayo mwanamume. Kisha Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, namba 5, ikabatilisha kila mila imnyimayo mwanamke haki ya kumiliki ardhi. Wazee wa Kanisa wanaoketi katika mabaraza ya ukoo na wayajue haya kabla hawajatia sahihi mihtasari. Na wenye mali waandike wosia wakiwa na akili timamu, mbele ya mashahidi, wasiwaachie watoto vita.

Siamini kwamba hii ni kuivunja mila. Yeremia sura ya 35 yatuonyesha wana wa Rekabu, waliokaa hemani na kukataa divai kwa sababu tu babu yao Yonadabu aliwaagiza. Mungu hakuwapa Israeli wote amri hiyo, lakini aliwasifu watu hawa kwa uaminifu wao kwa baba yao. Mila yaweza kuwa njema kwa wenyewe bila kuwa sheria ya Mungu kwa watu wote. Ila tazameni: mila ya Warekabi iliwabana wao wenyewe, haikumnyang'anya mtu mwingine kitu. Mila inayombana mwenye nguvu naikubali upesi. Ile inayomlemea mjane, nataka kwanza kuiuliza maswali.

Limebaki neno juu ya wazazi walio hai, ambalo huenda lingalistahili kuwa la kwanza. Migomba ya mlima wetu sasa yatunzwa na wazee. Watoto wako Dar es Salaam, Arusha, Mwanza, na ng'ambo. Hutuma fedha kwa simu, na wengine hutuma vizuri. Mama mzee akipewa fedha huenda dukani, lakini fedha haimshiki mkono akienda chooni usiku. Wako wasiotuma hata senti. Kisha mzazi akifa, waja kwa magari kumi na jeneza la thamani, mahema, wapiga picha, na chakula cha watu mia sita. Katika maziko mawili mwaka jana nilihesabu moyoni: bei ya jeneza ingalinunua dawa ya shinikizo la damu ya marehemu kwa miaka mitatu. Sikusema neno kaburini, maana hapo si mahali pake. Nalisema hapa.

Bwana Yesu mwenyewe aliieleza Amri ya Nne katika Marko sura ya 7. Walikuwako watu waliowaambia wazazi wao kwamba mali ambayo ingaliwasaidia imekwisha kuwekwa wakfu, ni korbani, ni ya hekalu. Bwana aliwaita wanafiki. Basi nami kama mchungaji nawaambia, ingawa mtunza hazina wetu hatafurahi: ukiwa na ahadi ya jengo la kanisa, na mama yako hana blanketi, nunua blanketi kwanza. Njoo unieleze, nami nitaliandika jina lako katika daftari ya ahadi kwa mwaka unaofuata. Na vyama vya ukoo vinavyokusanya michango ya Desemba kwa ng'ombe wa kuchinja, vifanye kama usharika mmoja wa jirani ulivyoanza: sehemu ya kwanza ya mchango huwekwa kwa wazee wa ukoo wasio na mtu, kwa kuni, sabuni na kadi ya bima ya matibabu, ndipo wanunue ng'ombe kwa kinachobaki. Mwaka wa kwanza walichinja mbuzi tu. Nyama iligawanywa kwa mila ile ile, kila jamaa akapata fungu lake, ila mafungu yalikuwa madogo, nao walicheka sana juu ya hayo.

Habari za mahari nimeziacha kwa makusudi, maana zahitaji somo lake lenyewe. Wenye maswali wayaandike na kuyapeleka kwa wainjilisti wa mitaa yao kabla ya mwisho wa mwezi.